Gharama ya Amri

Ndugu walimu wenzetu, yumkini mtashangaa kuona kwamba katika kurasa hizi, ambazo kwa desturi hubeba mambo ya ngeli, ushairi na fasihi simulizi, safari hii tumeleta habari za maafisa wa jeshi la Marekani wanaofundisha uchumi wa kazi. Twaomba mtuvumilie. Sisi si wanauchumi. Tulicho nacho ni stashahada ya elimu na miaka zaidi ya ishirini ya kufundisha Kiswahili katika shule za sekondari za Uganda. Lakini tulilelewa kambini, na mambo tuliyoyasoma juu ya maafisa hao yalitugusa mahali ambapo vitabu vya sarufi havikupata kutugusa.

Baba yetu alikuwa askari. Aliingia jeshini mwaka 1986, na tangu hapo maisha ya nyumba yetu yakawa ni kufunga mizigo na kuifungua. Katika miaka saba ya elimu ya msingi tulipitia shule tano. Amri ya uhamisho ilikuja asubuhi, na aghalabu lori lilikuja jioni ya siku ile ile. Kiswahili tulikisikia kwanza kinywani mwa baba, nacho kilikuwa Kiswahili cha kuamrisha tu: mguu sawa, nyuma geuka, njoo hapa, nyamaza. Mama alisema nasi kwa Lusoga. Tulipokosea jambo tulisimamishwa mguu sawa uani mpaka baba aridhike. Tulikuwa tumekwisha kuwa wakubwa wa kutosha kubeba ndoo tulipomsikia mwalimu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, akimwambia mtoto wa shule, "Mwanangu, naomba uniletee maji." Tulidhani anafanya mzaha. Hatukujua kwamba lugha ile ina namna ya kuomba.

Msomaji wa Uganda hahitaji kuelezwa mengi hapa. Kiswahili kiliwafikia wengi wa wazee wetu kwa njia ya askari wa Keya wakati wa ukoloni. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kwa amri kuwa lugha ya taifa, na katika miaka ile watu wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kikisemwa na mtu mwenye bunduki. Amri hiyo haikukipatia Kiswahili wapenzi. Mpaka leo wako wazazi wanaotuuliza kwa nini twawafundisha watoto wao lugha ya askari, nasi hatuna jibu fupi la kuwapa.

Basi mwaka 2019 rafiki yetu mmoja tuliyesoma naye, ambaye sasa ni mhadhiri wa uchumi, alitupatia maandishi kadhaa yaliyopigwa chapa katika majarida ya kitaaluma. Alitwambia kwamba baadhi ya waandishi wake ni maafisa wa jeshi, na kwamba kazi yao, ukiiondolea hesabu zake, ni kutafuta amri humgharimu nini yule anayeamriwa. Tuliposikia maneno hayo tulitega sikio, kwa kuwa katika kambi zote tulizokaa hatukupata kumwona afisa aliyeuliza swali la namna hiyo.

Kwanza yafaa tuseme uchumi wa kazi ni nini. Ni tawi la elimu ya uchumi linalochunguza nani anafanya kazi, kwa ujira gani, kwa nini huyu anaacha kazi na yule anabaki, elimu inamwongezea mtu nini katika mshahara wake, na hali ya nyumbani inamsaidia au kumzuia vipi. Lugha yetu ina utajiri katika jambo hili: twasema kazi, ajira, ujira, mshahara, posho, kibarua. Hilo la mwisho ni barua iliyofanywa ndogo. Ndicho kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, na hatimaye jina la kikaratasi likamwangukia mwenyewe akichukuaye. Na mtu apitaye soko la Kariakoo mjini Dar es Salaam analitaja, pengine bila kujua, jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Wapagazi wale wengi wao walichukuliwa kwa nguvu, na makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Tangu zamani, basi, jeshi na kazi ya lazima vimeacha alama katika Kiswahili.

Sasa na tuende huko Marekani. Chuo cha kijeshi cha West Point kilianzishwa mwaka 1802, kando ya mto Hudson katika jimbo la New York. Vijana wanaoingia pale, wanaoitwa makadeti, husoma miaka minne, kisha hutoka na shahada ya kwanza pamoja na cheo cha luteni. Wengi wa walimu wao si raia. Ni makapteni na mameja waliokwisha kuongoza askari. Jeshi huwachagua, huwapeleka katika vyuo vikuu vya kiraia kusoma kwa muda wa miaka kama miwili, kisha huwarudisha kufundisha miaka kama mitatu, halafu huwarejesha vikosini. Wachache miongoni mwao huendelea hadi shahada ya uzamivu na kuifanya kazi ya ualimu na utafiti kuwa maisha yao.

Kazi hiyo haina tarumbeta nyingi. Mathalani, George Lincoln, aliyekuwa mmoja wa wapangaji wa vita mjini Washington wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alikuwa tayari ni brigedia jenerali vita vilipokwisha. Mwaka 1947 alikubali kuivua nyota yake na kurudi kwenye cheo cha kanali ili apate kufundisha West Point, na baadaye akaiongoza idara ya sayansi za jamii, ambamo uchumi hufundishwa, hadi mwaka 1969. Twaomba mwalimu yeyote aliyewahi kuambiwa kwamba alikosa kazi nyingine ndipo akashika chaki aikumbuke habari hiyo.

Lakini jeshi lilihitajije mwanauchumi wa kazi? Jibu limo katika historia ya kuandikishwa kwa lazima. Kwa sehemu kubwa ya miaka kati ya 1940 na 1973 vijana wa kiume wa Marekani waliweza kuitwa jeshini wapende wasipende. Kwa mtazamaji wa daftari za serikali askari huyo wa lazima alikuwa rahisi, kwa sababu mshahara wake ulikuwa mdogo. Mwaka 1967 mwanauchumi Walter Oi, mtu asiyeona kwa macho, alionyesha kwamba urahisi ule ulikuwa wa karatasini tu. Ikiwa kijana angekubali kwa hiari yake kuwa askari kwa mshahara fulani, na wewe ukamchukua kwa nguvu ukamlipa nusu yake, ile nusu nyingine haikutoweka. Ameilipa yeye. Ni kodi, tena kodi iliyotozwa watu wachache walioangukiwa na jina, nayo haikuandikwa mahali popote.

Mwaka 1969 Rais Nixon aliunda tume chini ya Thomas Gates, aliyepata kuwa waziri wa ulinzi. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Milton Friedman, na Oi alikuwa mmoja wa watafiti. Mwezi wa Februari 1970 tume ilipendekeza jeshi la watu wa hiari, na mwaka 1973 kuandikishwa kwa lazima kukakoma.

Kabla ya hapo, tarehe 1 Desemba 1969, Wamarekani walishuhudia bahati nasibu ya ajabu. Vidonge 366 vya plastiki, kila kimoja na tarehe yake ya mwaka, vilitiwa katika chombo na kuchomolewa kimoja kimoja. Kijana ambaye tarehe yake ya kuzaliwa ilitoka mapema ndiye wa kuitwa mwanzo. Zaidi ya miaka ishirini baadaye mchezo huo ukawa darasa. Joshua Angrist, aliyewahi kuwa askari wa miavuli katika jeshi la Israeli kabla ya kuwa mwanauchumi, aliona kwamba kwa kuwa kura haichagui mwenye akili wala mvivu, tajiri wala maskini, ukiwalinganisha waliotoka namba za mapema na waliotoka namba za mwisho utaweza kujua utumishi wenyewe ulimfanyia nini mtu. Katika makala yake ya mwaka 1990 alionyesha kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980, muda mrefu baada ya vita vya Vietnam kwisha, mapato ya Wazungu waliotumikia yalikuwa pungufu kwa kadiri ya asilimia 15 kuliko ya wenzao wasiotumikia. Mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili, kwa ajili ya mbinu za utafiti wa namna hiyo.

Baada ya mwaka 1973 jeshi halikuweza tena kuvuta watu kwa kamba, lilibidi liwashawishi. Likahitaji watu wa kujua kijana anathamini nini, kwa nini luteni hodari anaondoka mara tu muda wake wa lazima unapokwisha, na uhamisho wa mara kwa mara unaifanyia nini jamaa ya askari. Kwa ajili hiyo ofisi ya uchambuzi wa uchumi na nguvukazi ilianzishwa pale West Point mwanzoni mwa miaka ya 1980, nayo ikawa karibu na madarasa, hata mtu mmoja akaweza kuwa mtafiti asubuhi na mwalimu mchana.

Mmoja wa waliopitia njia hiyo ni David Lyle. Alihitimu West Point, akawa afisa, akasomea shahada ya uzamivu ya uchumi katika chuo cha MIT, akarudi West Point kufundisha na kuiongoza ofisi hiyo, na akafikia cheo cha kanali. Mwaka 2004 yeye pamoja na Daron Acemoglu na David Autor waliandika juu ya wanawake, vita na mishahara. Katika Vita Vikuu vya Pili Wamarekani wanaume takriban milioni 16 waliingia jeshini, lakini majimbo hayakutoa kwa kadiri moja. Palipotolewa wanaume wengi zaidi ndipo wanawake walipoingia kazini kwa wingi zaidi, na wengi wakabaki kazini baada ya vita. Watafiti hao walionyesha kwamba ongezeko hilo la wafanyakazi lilishusha ujira wa wanawake wenyewe, na ujira wa wanaume pia, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Amri iliyotolewa kwa mwanamume ilifika mpaka kwenye bahasha ya mshahara ya mwanamke asiyepata kuvaa kofia ya chuma.

Makala ya pili, ya mwaka 2007, yangefaa kusomwa katika kila chumba cha walimu. Makadeti wapya wa West Point hawajichagulii wenzao. Hugawiwa katika kombania kwa amri. Sisi walimu tukiona alama za kikundi kimoja zinafanana hukimbilia methali kwamba samaki mmoja akioza huoza wote. Afisa huyu alizipima alama hizo kwa uangalifu, akaona kwamba sehemu kubwa ya kufanana huko haikutoka kwa mwenzi kumvuta mwenzake. Ilitoka katika hali waliyoshirikiana wote: mkubwa wao mmoja, ratiba moja, taabu moja. Tangu tuyasome hayo, tunaposikia kwamba mtoto fulani ameliharibu darasa zima, kwanza twatazama bati linalovuja, na chakula cha mchana kisichokuja, na sisi wenyewe tunaosimama mbele.

Lakini makala yaliyotunyima usingizi ni ya mwaka 2006. Swali lake ni hili: mtoto wa shule hupoteza nini mzazi wake anapotumwa mbali, na hupoteza nini jamaa nzima inapohamishwa? Kwa raia swali hili ni gumu kulijibu. Nyumba ya raia huhama kwa sababu baba amefukuzwa kazi, au wazazi wamegombana, au shule ya kule ni bora. Alama za mtoto zikishuka hutajua kama ni kwa kuhama au kwa kile kilichowahamisha. Kwa askari mambo ni tofauti. Yeye huenda kwa kuwa jeshi lina haja naye kule. Amri yake hufanana kidogo na kura. Lyle alichukua kumbukumbu za jeshi, akaziweka pamoja na matokeo ya mitihani ya watoto wa askari katika jimbo la Texas, akawalinganisha.

Akaona kwamba mzazi akiondoka, alama za mtoto hushuka kwa sehemu moja ya kumi ya kipimo cha mtawanyiko. Tuseme kwa lugha ya darasani: ikiwa wastani wa darasa ni alama 50, na wanafunzi wengi wako kati ya 35 na 65, basi upungufu huo ni kama alama moja na nusu. Kuhama nako kulishusha alama kwa kiasi cha wastani tu. Walioumia zaidi walikuwa watoto wadogo, watoto wa mzazi mmoja, watoto wa wazazi wenye uwezo mdogo zaidi, na watoto ambao aliye jeshini ni mama.

Tulipofika hapo tulikiweka kitabu chini.

Mwaka 2016 tulikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu, msichana, binti wa mwanajeshi. Muhula wa kwanza alikuwa miongoni mwa watu watano wa mbele katika Kiswahili. Alama zake zilikuwa sabini na ushei. Muhula wa pili zilianguka hadi arobaini. Alichelewa kufika, alisinzia, daftari lake lilikuwa na kurasa tupu. Tulimwita mvivu mbele ya wenzake. Siku moja tulimwuliza kwa ukali kama amesikia tulilosema. Akasimama wima, mikono ubavuni, akajibu, "Ndiyo, afande." Darasa zima likacheka. Nasi, kwa kudhani kwamba anatudhihaki, tukamtoa nje akafyeke nyasi. Kana kwamba hayo hayakutosha, juma lililofuata tuliisoma insha yake kwa sauti ili wenzake wasikie Kiswahili cha kambini kilivyo: mimi nakwenda, veve nabaki. Tuliwachekesha watu kwa maneno ya baba yetu.

Siku ya wazazi alikuja mama yake mdogo. Kwa upole sana, akituita mwalimu kila baada ya neno, alitueleza kwamba mama wa mtoto yuko Mogadishu tangu mwezi wa Mei. Majeshi ya Uganda yamekuwa Somalia tangu Machi 2007, nasi tulilijua jambo hilo kama tujuavyo habari za redioni. Baba hayupo. Binti ndiye anayewapikia wadogo zake wawili kabla ya kuja shule. Na tangu tarehe 1 Septemba mwaka uliotangulia, kituo cha askari wa Uganda kiliposhambuliwa huko Janaale, katika nyumba ile simu ikilia usiku hakuna anayetaka kuipokea. Ndipo alipozoea kulala amekaa.

Tulimshukuru, tukamwomba msamaha yeye, kisha binti. Binti alisema, "Hakuna neno, mwalimu." Hakutuita afande tena, na tulijua kwamba hiyo haikuwa dalili njema. Neno lile halikuwa la dhihaka. Kwa mtoto wa kambini afande ni mtu unayemjibu kwa hofu na heshima pamoja, nasi tulilijua hilo kabla hatujajua kusoma.

Sasa turudi kwenye hesabu. Twajua kwamba wastani si mtoto mmoja, na kwamba Texas si Jinja; huko shule za watoto wa askari zina vitabu na mabasi, na mshahara wa askari hufika mwisho wa mwezi. Mtaalamu atatuonya tusilipime shauri la binti mmoja kwa kanuni iliyotokana na maelfu. Onyo hilo twalikubali. Hata hivyo hatukuweza kujizuia kufanya hesabu moja ya kutoa. Kuondoka kwa mzazi, kwa wastani, kulichukua alama moja na nusu. Hata tukiziongeza mara tano kwa sababu ni mama, na ni mzazi pekee, hazifiki nane. Mwanafunzi wetu alipoteza thelathini. Zilizobaki nani alizichukua?

Nyingine zilichukuliwa na sufuria na kuni, na nyingine na simu ya usiku. Lakini nyingine tulizichukua sisi, kwa nyasi zile na kwa insha ile. Jeshi lilikuwa limetoa amri yake kwa mama, nasi darasani tukaongeza ya kwetu kwa mtoto, na hatukuuliza ya kwanza ilikuwa imemgharimu kiasi gani.

Jambo tunalomsifia kanali yule, basi, si kwamba amegundua kuwa mtoto humlilia mama. Hilo kila bibi kizee wa Busoga analijua. Twamsifia kwamba akiwa ndani ya jeshi, na nembo zake begani, alilifanya jambo hilo liandikwe kwa namba ambazo wakubwa wake hawawezi kuzipuuza kwa kusema kwamba ni machozi ya wanawake. Alikuwa mtu wa kutoa amri na kupokea amri, naye akakaa chini kuzihesabu. Wengine wa West Point hawakujisaza hata katika ualimu wao. Makala yaliyotoka mwaka 2017 yanaeleza jinsi Susan Carter na wenzake wawili walivyoyagawa madarasa ya uchumi ya chuo hicho kwa nasibu, baadhi yakiruhusiwa kompyuta na mengine yakikatazwa. Walioruhusiwa walifanya vibaya zaidi katika mtihani wa mwisho, kwa kadiri ya sehemu 18 za mia za kile kipimo cha mtawanyiko. Mwalimu aliyedhani kwamba anawasaidia wanafunzi kwa chombo kipya aliambiwa na wanafunzi wake mwenyewe, kwa njia ya alama zao, kwamba haikuwa hivyo.

Kwa nini tunayaleta haya kwa walimu wa Kiswahili? Kwa sababu sisi nasi sasa tumepewa askari wa lazima. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Hapa Uganda, mwezi wa Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliamua kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kiwe somo la lazima, la kutahiniwa, katika shule za msingi na sekondari. Wengi wetu tulishangilia, na sisi tulikuwamo. Kazi itapatikana, vitabu vitachapishwa, cheo cha somo letu kitapanda. Lakini tumekwisha kuona mwaka 1973 amri peke yake huzaa nini. Mtoto atakayeketi mbele yetu kwa lazima atalipa kodi ambayo haitaandikwa mahali popote: saa alizozitoa katika somo lingine, hofu aliyorithi kwa babu yake, aibu ya kusema vibaya mbele ya watu. Serikali itahesabu madarasa na walimu. Kodi hiyo ya mtoto hakuna atakayeihesabu tusipoihesabu sisi.

Hatuna ofisi ya utafiti wala kumbukumbu za maelfu. Tuna daftari la mahudhurio na kalamu. Tangu mwaka ule wa 2019 tumejiwekea desturi ndogo, nasi twaitaja kwa wenzetu wanaopenda kuijaribu. Juma la kwanza la kila muhula kila mwanafunzi huandika majibu ya maswali matatu: unaishi na nani, nani wa nyumbani kwenu amesafiri, Kiswahili ulikisikia kwanza wapi na kwa nani. Karatasi hizo hatumsomei mtu. Alama za mtoto zikianguka huzitazama kabla ya kufungua kinywa. Swali la tatu limetupa faida nyingine: ubao wetu sasa una safu mbili, Kiswahili cha kambini na cha sokoni upande mmoja, na Kiswahili sanifu upande wa pili, na mtoto anayejua safu ya kwanza ndiye anayetuongoza kwenda ya pili. Hatujapata kumcheka mtu tena.

Binti yule alimaliza kidato cha nne. Mama yake alirudi salama. Alama zake za Kiswahili zilikuwa za kutosha tu, na somo hilo hakuliendeleza. Twaliandika hili kwa sababu katika makala kama haya hadithi hupenda kumalizika vizuri kuliko ilivyokuwa.

Baba yetu amestaafu, anafuga mbuzi. Mwaka jana tulikaa naye uani tukamsimulia habari za kanali mwalimu. Akauliza kwanza kama ni kanali kweli. Tukasema ni kweli. Akauliza alikuwa akihesabu nini, tukamweleza juu ya watoto wa askari na shule zao. Akanyamaza, akawatazama mbuzi. Kisha, kwa Kiswahili chake kile kile, akatuuliza, "Nyinyi, shule yenu ilikuwa ngapi?"

Hatukumjibu upesi, kwa kuwa tulimwona ameanza kuhesabu mwenyewe kwa vidole, akizitaja kambi moja moja. Alifika nne, akakwama. Ya tano tulimtajia sisi.